Kidole cha Mafundi Tisa

Mara ya tatu Inspekta Mbelu alikishika kidole gumba cha Papa Hénock, akakikandamiza kwenye wino, akakibandika kwenye karatasi, na mara ya tatu karatasi ikampa doa. Halikuwa na mstari hata mmoja. Lilikuwa doa jeusi la mviringo, kana kwamba mtu amebandika kizibo cha chupa. Aliitupa karatasi hiyo juu ya zile mbili za kwanza.

"Ingine," alisema.

Mzee akatoa kidole cha shahada bila kinyongo. Doa. Cha kati, doa. Walipofika cha mwisho Mbelu alikuwa ameshajichafua wino hadi kwenye kifundo cha mkono, na mzee alikuwa akimwonea huruma.

"Tafuta sabuni ya kipande, mama," alisema Hénock. "Ile ya unga haiondoshe wino."

"Tata, sikuombe sabuni. Naomba ukweli."

Huyu Papa Hénock Mukalay alikuwa na miaka sitini na mmoja, na arobaini na minne kati ya hiyo alikuwa amechomelea vyuma: mageti, madirisha, bodi za malori yanayobeba shaba, hata msalaba wa parokia. Glavu aliziona ni kitu cha kumchelewesha. Chuma cha moto kilikuwa kimekula ngozi ya vidole vyake mpaka vikawa vinang'aa, na mwanga wa kuchomelea ulikuwa umekula macho yake. Yalitoa machozi mchana kutwa. Daktari alikuwa amemwambia kwamba jicho la kulia bado linaweza kuokolewa akiwahi Lubumbashi, na hela ya Lubumbashi ilikuwa katika Mutuelle Kesho.

Mutuelle Kesho ni chama cha akiba ya uzee cha mafundi wanaojiajiri, watu wasio na bosi wa kuwakatia chochote mwisho wa mwezi. Kwa miaka tisa Hénock alikuwa ameweka fungu lake humo kila mwezi bila kuruka. Wiki iliyopita alikwenda kuchukua pensheni yake ya kwanza, akaandika namba yake, akaweka kidole kwenye mashine, mashine ikamkataa. Akarudi kesho yake, ikamkataa tena. Siku ya tatu akakaa kwenye kiti mbele ya dirisha la malipo na kusema hatoki. Mkuu wa ofisi, Bwana Samy, akaja polisi na mashtaka yaliyopigwa chapa vizuri: mtu huyu si Hénock Mukalay, ni tapeli anayetaka kula pensheni ya Hénock Mukalay wa kweli.

Kwa hiyo mzee alikuwa ndani. Sheria ilimpa Mbelu saa arobaini na nane za kumshikilia, na zilikuwa zinakwisha saa kumi alasiri. Baada ya hapo ni mbele ya mwendesha mashtaka, na baada ya mwendesha mashtaka ni gereza, na Mbelu alilijua gereza. Mzee mwenye macho kama yale angeingia akiona kidogo na kutoka akishikwa mkono. Saa ya ukutani ilisema tatu na nusu.

"Nakuuliza tena. Ile siku ya kuandikisha, uliweka kidole ya nani?"

"Yangu."

"Hii?"

"Hii."

"Hii yenye haiachi alama hata ku wino ya polisi?"

Hénock akafuta macho kwa mkono wa shati. "Wakati ile ilikuwa inaacha," alisema.

Mbelu alikuwa ameshughulika na wezi wa nyaya, wezi wa magari na mtu mmoja aliyeuza nyumba ya kanisa. Wote walidanganya ili watoke. Huyu alikuwa wa kwanza kudanganya ili abaki, tena kwa adabu, na jambo hilo lilimkera Mbelu kuliko wizi wenyewe.

Komanda aliingia bila kubisha, simu mkononi, uso umejaa furaha. Makao makuu ya Mutuelle, kule Lubumbashi, yalikuwa yamejibu barua ya Mbelu kwa WhatsApp. Mbelu akalisoma jibu akiwa amesimama, kisha akajitumia kwenye simu yake. Kidole kilichoandikishwa kwa jina la Hénock Mukalay kilikuwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kidole hichohicho kilikuwa kimeandikishwa pia kwa majina mengine manane, wote mafundi wa Kolwezi, wote siku moja, tarehe thelathini na moja Machi, mwaka 2016. Mwishoni kulikuwa na aya ndefu ya maelezo ya mashine: kwamba maajenti huandikishwa vidole vyote vya mkono wa kuume, kwamba mashine haikubali kidole cha ajenti kuwa cha mwanachama, na mengine ya namna hiyo. Mbelu aliiruka.

"Ni bande," alisema Komanda. "Batu kenda, kidole moja. Uyu muzee njo chef yabo. Mbele ya saa kumi anakubali makosa, ao anaenda parquet, kwa mwendesha mashtaka."

"Komanda, kidole ya uyu muzee haina mustari. Ile ya Lubumbashi iko na mustari. Haiwezi kuwa yake."

"Basi ni ya mwenzake. Utafute mwenzake."

Hapo, kwa bahati mbaya, Komanda alikuwa na hoja.

Katika wale tisa, wawili walikuwa wamekufa, mmoja alikuwa amehamia Lubudi kufuata reli, mwingine amerudi Sandoa kulima. Ukimtoa Hénock, walibaki wanne, na wote walikuwa na karakana katika barabara ileile ya vumbi inayoingia mtaa wa Kasulo. Mbelu alikwenda kwa pikipiki ya kukodi kwa sababu gari la kituo halikuwa na mafuta, kama kawaida.

Seremala alisema aliweka kidole chake. Fundi wa matofali alisema aliweka kidole chake, na alipoombwa akioneshe alikumbuka ghafla kwamba saruji yake inakauka. Fundi bomba alisema kidole chake, huku mikono yote miwili ikiwa mfukoni. Dodo, fundi wa magari, alijibu akiwa chini ya lori na hakutoka.

"Dodo, toka tuongee."

"Naongea, mama. Hapa nasikia muzuri."

"Tata Hénock atalala ku prison leo."

Spana ikaanguka chini.

"Tata Hénock ni mutu muzuri," ilisema sauti ya chini ya lori.

"Mi najua ni mutu muzuri. Sijaulize kama ni muzuri. Nauliza kidole."

"Kidole niliweka yangu."

Watu wanne, na uongo wao ulikuwa mmoja, neno kwa neno, kama wameufundishwa kwenye katekisimu. Mbelu alisimama juani akiangalia miguu ya Dodo na kuhisi hasira ikimpanda kutoka kwenye nyayo. Watu hawa walikuwa wanampenda mzee. Walikuwa tayari kumpelekea chakula gerezani kila Jumapili. Ila kusema sentensi moja ya kweli ya kumtoa, hapana.

"Sawa," alisema. "Nitabafunga bote bane. Nitaanza na mwenye kuwa chini ya gari, juu hawezi kukimbia."

Miguu ikajikunja. "Uliza Mama Joyeuse," alisema Dodo. "Ile siku alikuwa pale ku salle, ukumbi ya mtaa. Niliombaka kidole yake."

Hatimaye. Mbelu alirudi kwenye pikipiki akiwa na picha nzima kichwani: mwanamke mmoja mwenye huruma, anayeuza chakula mlangoni, anawakopesha kidole chake wanaume tisa. Ilikuwa picha nzuri. Ilidumu robo saa.

Mama Joyeuse alikuwa bado anauza maandazi mahali palepale, nje ya ukumbi wa mtaa, mbele ya karai la mafuta yanayochemka. Aligeuza maandazi kwa vidole vitupu, haraka, moja baada ya jingine, na kumsikiliza inspekta bila kusimamisha kazi.

"Ni kweli," alisema. "Dodo aliniombaka, nikaweka. Machine ikanikatala."

"Ikakukatala?"

Mama Joyeuse akamnyooshea mkono. Vidole vyake vilikuwa laini na vyekundu, na havikuwa na mstari hata mmoja. "Miaka makumi tatu mu mafuta," alisema. "Niliweka kumi yote. Machine ikasema niko hapana mutu."

Mbelu akakaa kwenye benchi ya wateja. Akaomba maandazi mawili, kwa sababu alikuwa hajala tangu asubuhi na kwa sababu alihitaji kukasirika akiwa ameshiba. "Nielezee ile siku," alisema. "Yote. Usiruke kitu."

Mama Joyeuse hakuwa mwanachama wa Mutuelle wala mlipa kodi wa kuogopa lolote, kwa hiyo alieleza. Ilikuwa siku ya mwisho. Ofisi ya kodi ya mtaa ilikuwa imekubaliana na Mutuelle kwamba fundi atakayekuwa ameandikishwa kabla ya Aprili, kile anachoweka kwa ajili ya uzee wake kitaondolewa kwanza kwenye mapato yake, ndipo kodi ipigwe kwa kinachobaki. Mafundi, ambao walikuwa wamepewa miezi mitatu, walikuja wote mchana wa siku ya mwisho. Umeme ulikatika. Ajenti alikuwa mmoja, Samy, wakati huo bado kijana mwembamba anayelipwa kwa kila kichwa anachoandikisha, na mashine yake ilikuwa inatumia betri. Wenye vidole vizuri walipita. Wasio na vidole walirundikana pembeni, wanatema mate kwenye vidole na kuvisugua kwenye suruali.

"Wale walirudi nyumbani?"

"Apana. Mbele ya giza bote balikuwa na karte ya Mutuelle. Samy aliwaita moja moja. Machine aligeuza upande yake, alisema jua inapiga mu écran."

"Jua ilikuwa upande gani?"

Mama Joyeuse akafikiri, andazi likiwa limening'inia kwenye vidole. "Ilikuwa saa kumi na moja," alisema polepole. "Jua ilikuwa ku mugongo yake."

Mbelu aliacha kutafuna. Jua likiwa mgongoni kwa ajenti, kuigeuzia mashine upande wake ndiko kungelileta jua kwenye kioo. Akalipa, akaomba karatasi ya kufungia andazi la pili, na akaondoka nalo.

Ofisi ya kodi, iliyoweka majalada ya mafundi wote, ilikuwa vyumba viwili nyuma ya soko. Tata Philippe, aliyekuwa akihudumia mafundi wa mtaa kwa miaka kumi na mitano, alivaa tai hata siku ya joto na alikuwa na sura ya mtu anayedanganywa kuanzia saa mbili asubuhi. Mbelu alimpenda mara moja.

"Hénock Mukalay?" alisema Philippe. "Mi namujua kupita bibi yake. Kila Januari anakuya na bareçu yake, bakaratasi ya malipo ya Mutuelle. Anabafunga ku waya ya soudure, nakatwa bidole kila mwaka kwa kubafungua."

"Utakubali kuandika vile? Kama ni yee mwenyewe analetaka?"

"Miaka kenda, sura moja, kelele moja. Nitaandika."

"Na ile kidole?"

"Kidole gani?"

Mbelu akamweleza. Philippe alisikiliza huku akivua miwani na kuivaa tena. "Sasa njo naelewa," alisema. "Tangu jana banakuya hapa moja moja. Seremala alikuya. Fundi bomba alikuya. Banauliza habari ya 'mutu moja mwenye banajua'. Kama mutu aliandikisha na kidole ya mwingine, impôt atalipa nyuma miaka kenda? Na amende, ni kusema faini?"

"Na jibu ni nini?"

"Jibu ni apana. Mi nakatiaka mutu impôt juu ya reçu ya makuta yenye alilipa. Reçu ni ya kweli, makuta ni ya kweli. Impôt haina bidole." Aligonga meza kwa kidole. "Nani aliwaambia bintu kama ile?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na Mbelu alikuwa ameanza kulijua jibu. Lakini kujua si ushahidi. Akatoa orodha ya wale tisa na kuomba majalada ya waliokufa. Philippe akayatoa kwenye kabati bila kutafuta, maana kabati lake, tofauti na la polisi, lilikuwa na mpangilio. Katika jalada la Mechack, mjenzi, kulikuwa na cheti cha kifo ambacho mjane wake, Ndaya, alikuwa amekileta ili asidaiwe kodi ya marehemu: tarehe sita Februari. Nyuma yake kulikuwa na taarifa ya Mutuelle, ile wanayoituma kila mwanachama anapochukua akiba yake yote, ili ofisi ya kodi iache kumpunguzia. Mechack ameacha kazi, ilisema. Amechukua akiba yake yote, yeye mwenyewe, kwa kidole chake. Tarehe kumi na nne Aprili, mwaka huohuo.

"Tata Philippe," alisema Mbelu. "Hii haukuiona?"

Philippe aliyasoma makaratasi mawili, moja baada ya jingine. Akailegeza tai yake. "Nilipokea. Nikaclasser, nikaweka mu kabati," alisema. "Kazi yangu ni kuclasser."

Jalada la marehemu wa pili lilikuwa hivyohivyo. Amezikwa Julai, amechukua akiba Septemba. Wafu wawili walikuwa wametembea hadi ofisi ya Mutuelle, wakaandika namba zao na kuweka kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na mashine ikawakaribisha, mashine ileile iliyomfukuza mzee aliye hai.

Mbelu akafungua simu yake na kurudi kwenye ujumbe wa Lubumbashi, kwenye ile aya ndefu aliyoiruka. Safari hii aliisoma neno kwa neno na kujitukana kimoyomoyo. Maajenti huandikishwa vidole vya mkono wa kuume. Kwa hiyo ajenti anayetaka kumwazima fundi kidole hawezi kutumia mkono wa kuume, mashine ingemjua. Itabidi atumie wa kushoto. Na katika ukumbi ule, siku ile, palikuwa na wachomeleaji, wajenzi, mafundi wa magari na mama wa maandazi. Mtu mwenye vidole vizima asiye na kazi ya kujiandikisha alikuwa mmoja tu, yule mwenye kalamu.

Ilikuwa saa nane kasoro. Alirudi kituoni na kumkuta Mama Marie, mke wa Hénock, amekaa kwenye ngazi na sahani ya bukari, yaani ugali, iliyofunikwa kitambaa, akisubiri ruhusa ambayo hakuna aliyekuwa amefikiria kumpa. Mbelu akaichukua sahani, akaiingiza mwenyewe, na kuiweka mbele ya mzee pamoja na lile andazi.

"Tata, natoka kwa Philippe wa impôt."

Mkono wa Hénock ukasimama juu ya bukari.

"Anasema hautalipa kitu nyuma. Hata franc moja. Hauna amende. Bareçu yako ni ya kweli. Ataandika."

"Philippe njo alisema?"

"Philippe njo alisema."

Mzee akauondoa mkono kwenye sahani. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini yalikuwa yanamtoka siku zote. "Samy alitwambiaka," alisema mwishoni. "Ile siku ile. Machine ilinikatala, akasema, tata, usisumbuke, nitakusaidia na kidole yangu kidogo. Lakini mutu akisema, impôt itabarudisha bote nyuma, na prison. Bote kenda. Na ku mwezi hii, wakati machine ilinikatala, nilimwambia, weka kidole yako basi, nipate makuta yangu niende. Akasema hanijue."

"Miaka kenda unajua kidole ni yake. Siku mbili niko nakuuliza, unasema ni yako."

"Bale benye kubakia," alisema Hénock. "Dodo iko na batoto saba. Ningesema, ningebamaliza bote."

Mbelu alitaka kupiga kelele. Wanne walikuwa wamenyamaza ili kumlinda mzee, mzee alikuwa amenyamaza ili kuwalinda waliobaki, na aliyekuwa amelindwa kwa bidii zote hizo alikuwa Samy, ambaye sasa alitaka kula akiba ya mzee kama alivyokula ya wafu. Hakupiga kelele. Alichukua kitambaa cha Mama Marie na kujifuta wino.

"Kula haraka," alisema. "Tunatoka."

Ofisi ya Mutuelle Kesho ilikuwa na viyoyozi na picha ya wazee wanaocheka. Samy aliwapokea mwenyewe, shati jeupe, harufu nzuri. Jana, alipokuja kusaini mashtaka, Mbelu alikuwa ameona kwamba Samy ameufuga ukucha wa kidole kidogo cha kushoto, mrefu, uliochongwa kwa uangalifu, kama wafanyavyo wanaume wanaotaka ijulikane kwamba hawashiki koleo. Leo aliutazama tena, na safari hii aliutazama vizuri. Hénock alikaa kwenye kiti kilekile mbele ya dirisha la malipo. Nyuma ya kioo alikuwapo mhasibu, binti anayeitwa Tania, ambaye alimwona mzee na kuinamisha kichwa.

"Inspekta, mbona munamuleta tena huyu?" alisema Samy. "Dossier iko clair, haina shaka."

"Nataka kuelewa machine, juu Komanda ataniuliza," alisema Mbelu. "Unionyeshe. Tuandike namba ya Hénock Mukalay, weye uweke kidole, nione namna inakatalaka."

Samy akacheka kidogo, akaandika namba, akaweka kidole cha shahada cha kulia. Mashine ikatoa mlio mbaya na taa nyekundu.

"Voilà. Inakatala."

"Muzuri. Sasa mukono ya kushoto. Kidole kidogo."

Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Samy aliutazama mkono wake kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. "Juu ya nini?" alisema.

"Juu ya kuelewa."

"Sina lazima ya kufanya bintu kama hii."

"Hauna. Tutachapa kidole yako na wino, tutatuma Lubumbashi, na weye utangojea jibu ku fasi ya tata, juu ile fasi sasa iko wazi." Mbelu akaweka kwenye kaunta karatasi mbili za Mechack, cheti cha kifo na taarifa ya malipo, tarehe zikitazamana. "Kama hakuna kitu, machine itakatala. Ilikatala bidole ya tata kumi yote, na hakufa."

Samy alizisoma tarehe. Akaangalia mlango, ambako polisi wa zamu aliyekuja na Mbelu alikuwa amesimama akijikuna. Kisha akainua mkono wa kushoto na kuuweka ukucha ule mrefu kwenye kioo cha mashine. Ulilia tik.

"Si lukucha. Kidole," alisema Mbelu. "Ulalishe."

Akakilaza. Mashine ikatoa mlio mzuri, taa ya kijani ikawaka, na kwenye kioo pakatokea picha ambayo mashine haitoi mpaka ikubali kidole: mzee, miaka tisa nyuma, macho yakiwa bado makavu.

"Inasema nini?" aliuliza Hénock kutoka kwenye kiti. Hakuweza kusoma kutoka pale.

"Inasema: Karibu, Hénock Mukalay, soudeur," alisoma Mbelu.

Hénock akasimama, akaja hadi kwenye kaunta, akainama mpaka pua yake ikakaribia mkono wa Samy. Alikitazama kidole kile kwa muda, cheupe, safi, chenye mistari yake yote. "Ni kadogo," alisema.

Mbelu alikuwa tayari na pingu wakati simu yake ilipolia. Ilikuwa Lubumbashi. Walimsikiliza, wakashtuka, wakashukuru, wakaahidi kutuma mkaguzi. Kuhusu Bwana Hénock, walisikitika sana. Kumwandikisha upya mwanachama asiye na alama za vidole kungehitaji kikao, na kikao ni baada ya miezi mitatu. Kwa sasa mfumo ungeweza kulipa tu kwa kidole kilichoandikishwa.

"Kidole kilichoandikishwa kinaenda jela," alisema Mbelu.

Walisikitika kwa hilo pia.

Miezi mitatu. Mbelu alikata simu na kulitazama jicho la kulia la mzee, kisha taa ya kijani ambayo bado ilikuwa inawaka, kisha saa ya ukutani. Tisa na dakika arobaini. Samy alikuwa ameanza kuuvuta mkono wake taratibu. Mbelu akaukamata kwenye kifundo na kuurudisha pale ulipokuwa.

"Usikitoshe," alisema. "Tania, ile machine inangojea nini?"

Tania akainua kichwa. "Inangojea niseme kulipa, inspekta. Mwezi ya kwanza."

"Sema."

Binti akabonyeza. Mashine ikaomba kidole mara ya pili kuthibitisha, na Mbelu akakikandamiza kidole cha Samy kwenye kioo kama alivyovikandamiza vile vya mzee asubuhi kwenye wino, labda kwa nguvu zaidi. Mlio mzuri. Katika taarifa yake jioni ile angeandika kwamba mashine ilijaribiwa mara mbili ili kuondoa shaka, na Komanda angesaini bila kusoma. Tania akahesabu noti na kuzisukuma chini ya kioo, na Hénock akazipokea kwa vidole vyake vinavyong'aa, akazikunja, akaziweka ndani ya shati.

Pingu zikafungwa. Polisi wa zamu akamtoa Samy, na Mbelu akashikilia mlango akimsubiri mzee. Basi la Lubumbashi lilikuwa linaondoka alfajiri, Mama Marie alikuwa kituoni na sahani tupu, na Mbelu alikuwa na njaa, wino ambao kitambaa kilikuwa kimeusambaza hadi kwenye kiwiko, na ripoti ya kurasa sita ya kuandika. Hénock hakusogea. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha, mkono mmoja umelala juu ya kaunta, kiganja juu.

"Tata, twende. Imekwisha."

"Reçu," alisema Hénock. "Januari Philippe ataniuliza."